Mtandao wa hospitali ni kifaa tiba

Mwanzoni mwa mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kilicho nje ya mji wa Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia kompyuta mbili. Ziliunganishwa kwa waya, zikawekewa UPS na betri za sola ili umeme ukikatika zisizimike, na mgonjwa akaanza kuandikishwa kwenye kompyuta badala ya daftari. Intaneti haikuwamo kwenye mpango huo. Taarifa zilitoka mashine moja zikaonekana kwenye nyingine, basi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walipima muda wa wagonjwa na watumishi kabla na baada ya mabadiliko hayo. Mwaka 2003 wakachapisha walichokiona: ziara ya mgonjwa kituoni ilikuwa fupi kwa asilimia 22, na muda wa kukaa kwenye benchi akisubiri ulipungua kwa asilimia 38.

Mbegu hiyo iliota. Kutoka Mosoriot mfumo ulikwenda kwenye kliniki za AMPATH zilizokuwa zikihudumia watu wenye VVU magharibi mwa Kenya, na kuanzia mwaka 2004 uzoefu wake ukaingia katika msingi wa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na nchi nyingine nyingi. Kilichovuma duniani ni programu. Waya uliounganisha zile mashine mbili, na betri zilizoziwezesha kufanya kazi umeme ukikatika, havikupata msimulizi.

Hali ni hiyohiyo hadi sasa. Mfumo mpya wa hospitali ukizinduliwa, hotuba hutaja programu, idadi ya kompyuta na vishikwambi vilivyogawiwa, na picha hupigwa mbele ya skrini. Ni nadra kusikia ikitajwa kebo iliyopita juu ya dari, kabati la swichi, faiba kati ya wodi na maabara, au mtu atakayeitwa saa nane usiku vitu hivyo vikigoma. Miezi michache baadaye mgonjwa anafika dirishani na kuambiwa maneno ambayo kila mwananchi wa Afrika Mashariki ameyazoea: mtandao hakuna, subiri.

Tumeyazoea mno. Hospitali ikitangaza kwamba leo oksijeni haipo kwa sababu bomba limeziba, mganga mfawidhi atatakiwa kujieleza kabla jua halijazama. Wakati wa UVIKO-19 nchi zetu zilijenga mitambo ya oksijeni na kupitisha mabomba hadi vitandani, na hakuna aliyebishana kama mabomba yale ni sehemu ya tiba. Mtandao unaobeba majibu ya maabara, kundi la damu, picha ya kifua na orodha ya dawa anazotumia mgonjwa unastahili daraja hilohilo. Ni kifaa tiba. Unapaswa kununuliwa kwa viwango, kukaguliwa, kuwa na vipuri stoo na kuwa na fundi wake.

Tuchukue siku ya kawaida. Mama anafika hospitali ya wilaya na mtoto mwenye homa. Mapokezi wanamwandikisha, jina linatokea kwenye skrini ya daktari. Daktari anaagiza kipimo cha malaria na cha wingi wa damu, na ombi linatakiwa liwe limefika maabara kabla mama hajamaliza kuvuka kibaraza. Mtandao ukiwa mzima, ndivyo inavyokuwa. Siku kebo ya maabara imelegea, wataalamu wa maabara hawaoni kitu. Mama anarudishwa kwa daktari, daktari anachana kipande cha karatasi na kuandika ombi kwa mkono, majibu yanaandikwa nyuma ya kipande kilekile, na akifika dirisha la dawa anakataliwa kwa sababu kwenye mfumo mtoto wake bado hajapimwa. Jioni muuguzi anaketi na rundo la vipande vya karatasi, anaviingiza kimoja kimoja kwenye kompyuta akiwa amechoka. Hapo ndipo wingi wa damu wa 11.8 unapogeuka 8.1, na wagonjwa wawili wenye jina moja wanapobadilishana majibu.

Ukiifuatilia kebo ile iliyolegea, mara nyingi utafika mahali pa aibu. Kabati la swichi liko chini ya ngazi pamoja na ndoo na mafagio. Mlango hauna kufuli. Ndani mna vumbi, feni imeacha kuzunguka, na kebo zote ni za rangi moja, hakuna hata moja yenye lebo; fundi akitaka kujua ipi inakwenda maabara hulazimika kuchomoa moja baada ya nyingine. Kwenye soketi ileile ya umeme limechomekwa birika la chai la watu wa zamu. Siku mzigo ukizidi na swichi kuu ya umeme ikajizima, maabara, duka la dawa na mapokezi vinapotea kwa pamoja, na hakuna anayekumbuka kwenda kutazama chini ya ngazi.

Ufundi wenyewe unajulikana na hauna siri. Kebo ya shaba ya mtandao ina kikomo cha mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Ikizidi hapo mawasiliano hudhoofika na kukatikakatika. Hospitali nyingi za zamani katika ukanda wetu zilijengwa kwa majengo yaliyoachana ili hewa ipite, na Muhimbili yenyewe watu huijua kwa majina ya majengo yake: Kibasila, Sewahaji, Mwaisela. Kati ya jengo na jengo kinachofaa ni faiba, kwa sababu inavumilia umbali na haipitishi umeme. Hilo la pili ni kubwa kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, ambako radi hupiga mara kwa mara. Radi ikishuka karibu na kebo ya shaba iliyovutwa juu kwa juu kutoka wodi hadi wodi, swichi za pande zote mbili zinaweza kuungua kwa pigo moja.

Kisha kuna uzito wa taarifa zenyewe. Jina, umri na majibu ya malaria ni maandishi machache. Hata mtandao dhaifu utayabeba. Picha ni habari nyingine. Kipande kimoja cha picha ya CT-Scan, chenye nukta 512 kwa 512, huchukua takriban nusu megabaiti, na uchunguzi wenye vipande 500 hufikia megabaiti 250. Kwenye mtandao wa ndani wenye kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, mzigo huo huvuka kwa sekunde mbili hivi. Kwenye ule wa zamani wa megabiti 100, sekunde 20. Ukiupitisha kwenye modemu ya simu inayotoa megabiti mbili kwa sekunde, zitapita zaidi ya dakika 16. Kwa kijana aliyeanguka na bodaboda, ambaye damu inavuja ndani ya fuvu lake, tofauti kati ya sekunde mbili na dakika 16 ni ya kitabibu.

Waifai nayo ina mahali pake, na mahali penyewe ni pa heshima: kando ya kitanda. Muuguzi anayezunguka wodi na kishikwambi, akaandika joto na mapigo ya moyo palepale alipoyapima, hukosea kidogo kuliko yule anayeandika kiganjani na kunakili baadaye. Daktari anayefungua picha mbele ya mgonjwa humweleza vizuri zaidi. Shida inaanza waifai inapofanywa njia ya kukwepa kazi. Mkandarasi hataki kutoboa kuta wala kufungua dari, basi anafunga vifaa vichache vya kurusha waifai kwenye korido, anakabidhi kazi na kuondoka. Kompyuta ya maabara, ambayo haitahamishwa kwa miaka mitano, inategemea mawimbi yanayopita katika kuta tatu.

Mawimbi hayo hayatoshi kwa watu wote. Katika masafa ya 2.4 GHz, ambayo vifaa vya bei nafuu hutumia, kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ndani ya masafa hayohayo mna maikrowevu ya kantini, Bluetooth, na simu za ndugu wote waliokuja saa ya kuona wagonjwa. Kuta za chumba cha eksirei huwekwa madini ya risasi kuzuia mionzi, na risasi hiyohiyo huzuia waifai. Kuta nene za mawe ya matumbawe katika majengo ya kale ya Unguja, Lamu na Mombasa nazo hudhoofisha mawimbi vibaya, jambo ambalo mchoro wa mkandarasi aliyezoea majengo ya kisasa hauonyeshi.

Marekani walijifunza mapema kwamba hewa ina mwenyewe. Februari 1998, kituo cha televisheni cha WFAA mjini Dallas kilipoanza majaribio ya matangazo ya dijitali, vifaa visivyo na waya vya kufuatilia mapigo ya moyo katika hospitali ya Baylor vilivurugika. Vifaa hivyo vilikuwa vikitumia chaneli ya televisheni ambayo hadi siku hiyo ilikuwa tupu. Kituo cha televisheni hakikuvunja sheria yoyote. Kilikuwa na kibali. Hospitali ndiyo iliyokuwa mgeni kwenye masafa ya mwingine. Mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikatenga masafa maalumu kwa ajili ya vifaa vya kufuatilia wagonjwa.

Kwa hiyo kanuni ya busara ni nyepesi: kisichotembea kipewe waya, kinachotembea kipewe waifai. Kompyuta ya mapokezi, ya maabara, ya duka la dawa, mashine ya eksirei na seva, vyote waya. Kishikwambi cha muuguzi, waifai. Na waifai ya wageni, kama hospitali inataka kuwapa, iwe njia tofauti kabisa isiyogusa taarifa za wagonjwa. Nenosiri lililobandikwa ukutani mapokezi, linalotumiwa na mfumo wa matibabu na vilevile na mtu anayetazama mpira akisubiri zamu yake, ni hatari inayoweza kuondolewa leo hii bila kununua chochote.

Hata waya, hata hivyo, una namna yake ya kuangusha hospitali. Kisa ambacho kila mganga mfawidhi angepaswa kukisoma kabla ya kusaini hati ya kupokea mfumo kilitokea Boston, Marekani, Novemba 2002. Beth Israel Deaconess, hospitali ya kufundishia inayohusiana na Chuo Kikuu cha Harvard, ilikuwa imesonga mbele kuliko nyingi katika kuachana na karatasi. Jumatano tarehe 13 mtandao wake ulianza kuzorota, ukasimama, ukarudi, ukasimama tena. Hakukuwa na mdukuzi. Mtafiti mmoja alikuwa akijaribu programu ya kushirikishana mafaili, nayo ikawa inasukuma data nyingi mno kwenye mtandao uleule uliobeba majibu ya maabara na maagizo ya dawa.

Mzigo ule ulikuwa kichocheo tu. Ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi. Hospitali hiyo ilizaliwa mwaka 1996 kwa kuunganishwa hospitali mbili, na mtandao wake ulikuwa umekua kwa viraka: jengo likiongezwa, swichi inachomekwa kwenye swichi iliyopo, na maisha yanaendelea. Swichi zina utaratibu wa kuelewana ni njia ipi ifungwe ili taarifa zisizunguke bila mwisho. Utaratibu huo ulikusudiwa mtandao ambao taarifa hazipiti zaidi ya hatua saba kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Boston baadhi ya sehemu zilikuwa zimevuka hapo. Data zilipofurika, swichi zikashindwa kuelewana. Taarifa zikaanza kuzunguka humohumo na kuongezeka, mpaka pasibaki nafasi ya kitu kingine.

Mkuu wa TEHAMA wa hospitali, John Halamka, ambaye naye ni daktari wa dharura, aliungana na wenzake katika uamuzi mgumu: kuuacha mtandao kabisa na kurudi kwenye karatasi hadi utakapojengwa upya. Kampuni ya Cisco ilileta wahandisi na vifaa. Majibu ya maabara yalipelekwa kwa miguu. Madaktari vijana, ambao katika kazi yao yote hawakuwahi kuandika dawa kwa kalamu, walifundishwa na wazee wao namna ya kujaza fomu. Hali hiyo ilidumu takriban siku nne, na hospitali haikuficha. Jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mafunzo ya tukio hilo mwaka 2003, na Halamka akalieleza hadharani kwa hospitali nyingine, akisisitiza miongoni mwa mengine kwamba elimu yote ya mtandao isiachwe kichwani mwa mtu mmoja.

Ujasiri huo wa kusema unastahili kuigwa, kwa sababu mtandao unaokua kwa viraka ndio hali ya kawaida katika hospitali zetu. Mradi wa VVU umeleta kompyuta za CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, na ruta yake. Mradi wa kifua kikuu umeleta zake. Kliniki ya mama na mtoto ina zake, bima ina zake, na kila mfadhili amevuta kebo yake kutoka mahali pake. Mgonjwa wa CTC anayepatikana na kifua kikuu anaweza kuandikishwa mara mbili katika vyumba vinavyotazamana, kwa mashine zisizoonana. Mradi ukifika mwisho, kompyuta hubaki, mkataba wa matengenezo hukoma, na mchoro wa kebo, kama uliwahi kuchorwa, huondoka na mtaalamu wa mradi. Ofisa TEHAMA wa hospitali, mara nyingi mtu mmoja anayetakiwa pia kutengeneza printa ya mhasibu na kufunga projekta ya mkutano, hurithi vitu asivyovijua.

Nje ya ukuta wa hospitali kuna swali jingine: taarifa zikae wapi? Serikali zinapenda kuzikusanya mahali pamoja, na sababu ni za msingi. Mgonjwa wa Tunduma akipewa rufaa kwenda Mbeya, historia yake inapaswa kumtangulia. Bima ya afya kwa wote, ambayo Tanzania iliitungia sheria mwaka 2023, haiwezi kuendeshwa kwa makaratasi yanayosafiri kwa basi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umewekwa kwa kazi za namna hii. Hakuna anayependa kurudi kwenye bahasha kubwa la kaki ambalo mgonjwa hulibeba hospitali hadi hospitali, na ambalo likisahaulika kwenye daladala mtu hupigwa eksirei upya na kulipa upya.

Lakini kukusanya si sawa na kutegemea. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani zao wakakosa intaneti au wakabaki na ile ya kujikongoja. Mwezi mmoja na nusu kabla, 1 Aprili, Gridi ya Taifa ya Tanzania ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani. Kenya ilikuwa imepitia giza lake Agosti 2023. Na Oktoba 2024, Kenya ilipohamisha bima yake ya afya kutoka NHIF kwenda SHA, malalamiko ya wagonjwa na hospitali kuhusu mfumo kukwama yalijaa kwenye vyombo vya habari kwa wiki nyingi. Kebo ya baharini itakatika tena. Gridi itapata hitilafu tena. Mama aliyelazwa Kigoma hapaswi kukosa majibu ya maabara iliyo mita 60 kutoka kitandani kwake kwa sababu ya nanga au mtikisiko chini ya bahari ya mbali.

Jibu ni lile la Mosoriot, likipanuliwa. Seva ya kazi za kila siku iwe ndani ya hospitali, ikiwa na betri au sola yake. Daktari, maabara, duka la dawa na wodi vionane kwa mtandao wa ndani, uwepo wa intaneti au usiwepo. Intaneti ikipatikana, seva hiyo ipeleke nakala juu na kupokea za rufaa. Hospitali iliyopangwa hivi hupoteza mawasiliano na makao makuu intaneti ikikatika. Haipotezi mawasiliano na wagonjwa wake. Zile zilizounganisha kila dirisha moja kwa moja na seva ya mbali kwa modemu ya simu husimama zote kwa pamoja, na kuzinunulia kompyuta zaidi ni kuongeza idadi ya skrini zinazosubiri.

Mtandao mbovu una madhara mengine yasiyosemwa sana, nayo yanahusu siri. Njia rasmi ikigoma, daktari mwema hatamwacha mgonjwa. Ataipiga picha filamu ya eksirei kwa simu yake na kumtumia bingwa kwa WhatsApp, jina la mgonjwa likionekana pembeni. Amefanya vile kwa nia safi, na pengine ameokoa maisha. Lakini picha hiyo sasa iko kwenye simu mbili binafsi, pengine kwenye kundi la watu 40, na kwa mtoto anayeazima simu ya baba yake kucheza gemu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hizi zinamhesabu mgonjwa kuwa mtu mwenye haki, na ni jambo la kujivunia. Ila zikitumika kumwadhibu daktari wa WhatsApp bila kumpa njia rasmi inayofanya kazi, zitakuwa zimemwadhibu asiye na lawama.

Na hatari kubwa zaidi hutoka nje. Ayalandi ni nchi tajiri yenye wataalamu wengi. Machi 2021 mtumishi mmoja wa huduma yake ya afya ya umma, HSE, alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Wadukuzi waliingia kupitia hapo, wakatembea ndani ya mtandao kwa wiki nane bila kuzuiwa, na alfajiri ya 14 Mei wakazifunga kompyuta na kudai pesa. Hospitali nchi nzima zilirudi kwenye karatasi. Hata baada ya wahalifu wenyewe kutoa ufunguo, ilikuwa Septemba ndipo seva zote ziliporejeshwa. Ripoti huru iliyofuata ilionyesha namna mtandao ulivyojengwa: aliyeingia mlango mmoja aliweza kufika vyumba vingi. Kuugawa mtandao wa hospitali sehemu kwa sehemu, maabara kwake, eksirei kwake, ofisi ya utawala kwake, wageni kwao, ni kazi ambayo swichi nyingi za kitaalamu zinaiweza tayari. Inahitaji mtu aliyefunzwa na siku chache za kuifanya.

Wako watakaouliza kama hizi ni anasa wakati zahanati hazina dawa za kutosha. Swali ni la haki na linastahili jibu la hesabu. Eksirei inayorudiwa kwa sababu ya kwanza haikuonekana ina gharama. Dawa zinazokwisha muda wake stoo, wakati wodi inaandika kwamba hazipo, zina gharama. Madai ya bima yanayokataliwa kwa taarifa pungufu ni fedha ambazo hospitali ilizitolea jasho na haizipati. Kebo iliyolazwa vizuri kwenye bomba lake, ikawekewa lebo na kupimwa, hudumu miaka mingi kuliko kompyuta iliyochomekwa mwisho wake, na ni katika vitu vya bei ndogo kwenye mradi mzima. Hata hivyo bajeti ikipunguzwa, mara nyingi ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa kuwa imefichwa darini na haionekani kwenye picha za uzinduzi.

Mabadiliko yanayohitajika yako mikononi mwa watu wanaofahamika. Wizara za afya ziandike viwango vya mtandao wa ndani kwa kila ngazi ya hospitali, kama zilivyoandika vya chumba cha upasuaji, na hospitali mpya isifunguliwe bila kukaguliwa kwa viwango hivyo. Anayetoa zabuni ya mfumo adai mchoro wa kebo, ripoti ya vipimo vya kila kebo, swichi moja ya akiba stoo na mafunzo kwa watumishi wasiopungua wawili. Mfadhili anayeleta mfumo wa ugonjwa mmoja alazimike kuutandaza juu ya mtandao wa hospitali, na fedha za waya wake ziingie kwenye waya wa wote. Kila wodi iwe na fomu za karatasi za dharura kwenye droo, na mara moja kila robo mwaka hospitali ifanye zoezi la saa mbili bila kompyuta, mchana, kwa hiari yake, huku wauguzi wenye uzoefu wakiwaonyesha wageni kazini namna ya kuzijaza.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, Tanzania na Kenya pia, na mipango ya afya ya halmashauri na kaunti huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Hicho ndicho kipindi ambacho mjumbe wa bodi ya hospitali, diwani au mwakilishi wa wadi anaweza kufungua kitabu cha bajeti na kuuliza fungu la matengenezo ya mtandao liko ukurasa gani, ni nani ameajiriwa kuusimamia, na ni lini mara ya mwisho lile kabati lilifunguliwa na fundi.